Nyuki wametua kwenye mwembe wako: cha kufanya kabla ya kushika kiberiti

Hapa Tabora simu huanza mwezi wa tisa. Visima vifupi vimebaki tope, miombo ndiyo kwanza inachipua, na mtu ananipigia huku anahema: "Kaka, njoo haraka, nyuki wametuvamia." Nikifika nakuta watoto wamefungiwa ndani, mbuzi bado kafungwa kamba chini ya mti uleule, na kijana wa jirani keshapata kipande cha tairi, anangoja ruhusa tu. Nyuki wenyewe wananing'inia kwenye tawi la mwembe, wametulia, kama mfuko uliosahauliwa.

Hawajavamia. Wako safarini, wamepumzika, na kesho au keshokutwa wangeondoka wenyewe. Anayewageuza kuwa wavamizi ni yule wa tairi.

Baba yangu mdogo alikuwa mrinaji kule Sikonge, mtu wa mizinga ya magome na kamba za miti. Akiitwa kwenye nyuki alikuwa na swali moja tu: "Wanafanya nini?" Hakuuliza kama ni wengi, wala kama ni wakali. Maana nyuki wa kwetu ni mkali, hilo hakuna anayelikataa, lakini ukali wake una mahali pake: nyumbani, penye watoto wake na akiba yake. Akiwa kisimani, sokoni au njiani, hana cha kulinda. Basi mwongozo huu nao unafuata swali hilohilo.

Hatua ya 1: Fungua mbuzi, kisha tazama kwa dakika kumi

Kabla ya yote, fungua kamba. Mbuzi, mbwa, punda wa mkokoteni, yeyote aliyefungwa karibu, mwondoe taratibu. Nyuki wakichafuka, binadamu atakimbia. Mnyama aliyefungwa atafia palepale. Kuku walio bandani wafungulie.

Halafu simama hatua thelathini hivi, pembeni, usiwe mbele ya njia wanayorukia. Usipige kelele, usirushe jiwe "kuwajaribu". Tazama tu. Utaona moja kati ya picha nne.

Ya kwanza: nyuki wanakuja mmojammoja, wanatua kwenye bomba, ndoo, karai la vyombo au meza ya muuza juisi, wanakaa kidogo na kuondoka. Hao ni vibarua kazini.

Ya pili: bumba. Nyuki maelfu wameshikana miguu kwa miguu kwenye tawi, ukuta au nguzo, nje kabisa, hakuna masega. Hao wanahama.

Ya tatu: nyuki wachache, labda kumi au ishirini, wanazungukazunguka tundu fulani la nyumba, wanaingia, wanatoka, wanarudi tena, wanatembea ukutani kama fundi anayepima. Hawana chavua miguuni. Hao ni wapelelezi wanaotafuta nyumba, na hii ndiyo picha ambayo watu wengi huipuuza.

Ya nne: tundu moja, msururu usiokatika wa kuingia na kutoka, baadhi wana vidonge vya njano au vya rangi ya machungwa miguuni, na mlangoni wako walinzi. Ukiweka sikio upande wa pili wa ukuta unasikia mvumo. Hao wameshajenga. Hapo ndipo pa kuogopa.

Hatua ya 2: Wakija kunywa, wape bomba lao

Hawa wa maji ndio huleta ugomvi mwingi zaidi mitaani, na ndio wasio na hatia kuliko wote. Wakati wa joto nyuki hubeba maji, huyapaka kwa matone madogo ndani ya mzinga, kisha hupepea kwa mabawa mpaka yakauke na hewa ipoe. Ni mtungi uleule wa bibi, unaopoza maji kwa kutoa jasho. Bila hivyo nta hulainika na masega hudondoka. Kwa hiyo akija kwenye bomba lako saa nane mchana, hajafuata ndoo, ametumwa.

Kumuua hakusaidii. Nyuki akishapajua mahali penye maji hurudi, na wenzake humfuata. Cha kufanya ni kuwafungulia kisima chao. Chukua karai la zamani au kipande cha gudulia, jaza changarawe na vijiti ili wasizame, tia maji na chumvi kidogo sana, kiweke kivulini mita ishirini au zaidi kutoka bombani. Nyuki huyapata maji kwa harufu zaidi, ndiyo maana atayaacha maji yako safi akanywe kwenye tope la bata. Anza mwezi wa saba, kabla hawajazoea bomba lako. Ukichelewa, funika bomba kwa kitambaa siku mbili tatu na uhakikishe karai halikauki hata siku moja. Likikauka mara moja tu, kazi yote unaianza upya.

Kwa mama lishe na wauza juisi: sukari iwe na kifuniko, maganda ya miwa na maembe yasilale chini, meza ifutwe kwa maji yenye siki. Nyuki wa pale hatakuuma mpaka umbane kwenye kikombe au kwapani.

Na kwa wenye shamba: kama unapiga dawa kwenye tumbaku, pamba au alizeti, piga jioni jua likizama, nyuki wameshalala. Dawa ya saa nne asubuhi hufika mzingani kabla wewe hujafika nyumbani kuosha mikono.

Hatua ya 3: Bumba kwenye tawi, soma kabla ya kugusa

Kundi likijaa, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya vibarua, nyumba anawaachia mabinti. Kabla ya kutoka hushiba asali, kama mtu anayefungasha chakula cha njiani. Mbele yao hakuna nyumba, nyuma yao hakuna mtoto wa kulinda, tumbo limejaa. Ndiyo maana bumba jipya huwa pole mpaka watu wanadhani mrinaji ana dawa. Sina dawa. Ninafika mapema tu.

Angalizo moja: bumba lililokaa nje siku nyingi, au lililokimbia njaa au moto wa porini, halina akiba tumboni, na upole wake huwa mdogo. Uliza limetua lini. Likiwa la zamani, vaa kana kwamba unakwenda mzingani.

Sasa sogea polepole, ukiwa na chandarua cha uso, mpaka uone juu ya bumba lenyewe. Utaona nyuki wengine wanacheza: anatembea mstari mfupi huku akitikisa mkia, anazunguka, anarudia. Anawaambia wenzake mahali alipoona tundu zuri. Juu ya bumba, kwenda juu maana yake ni upande lilipo jua. Akiinama kulia, ni kulia kwa jua. Na mtikisiko ukiendelea sekunde moja, ni kama kilomita moja hivi. Aliyeisoma lugha hii ni Karl von Frisch wa Austria, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, ndiye aliyegundua kwamba kundi linalohama huchagua nyumba kwa kucheza hivyohivyo. Aliona wachezaji wamechafuka masizi na vumbi la matofali, akajiuliza nyuki gani huyo anayetoka kwenye maua akiwa na masizi. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka.

Nakuhadithia haya kwa sababu yana kazi. Wachezaji wakielekea huku na huku, mmoja kaskazini, mwingine magharibi, kikao bado: una saa kadhaa, pengine hata siku nzima. Wakiwa wote wanacheza mwelekeo mmoja, uamuzi umepita, na muda si mrefu bumba zima litaruka. Hapo usiende kuazima sanduku mtaa wa tatu. Tumia ulichonacho.

Hatua ya 4: Kuwashusha

Kazi hii ni ya jioni, kuanzia saa kumi na moja, wapelelezi wakiwa wamerudi. Unahitaji boksi gumu la katoni au sanduku la mbao, kitenge kikuukuu, brashi laini au tawi lenye majani, chupa ya maji ya kunyunyizia na mtu mmoja asiye na papara. Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu. Nyeusi na zenye manyoya huwachochea nyuki, pengine kwa sababu adui zao wa siku zote, nyegere akiwa wa kwanza, ni wa rangi na manyoya hayo. Usijipake manukato.

Nyunyiza maji kidogo juu ya bumba ili wasiruke sana. Weka boksi chini yake, karibu kabisa. Shika tawi, litikise mara moja kwa nguvu. Mara moja! Anayetikisa mara tano kwa woga anawatawanya angani na kuwakasirisha. Wengi watadondoka kama maharage. Geuza boksi, mdomo uangalie chini, liweke juu ya kitenge kivulini, na chomeka jiwe upande mmoja pabaki mwanya wa vidole viwili.

Kisha kaa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Baada ya dakika chache utaona vibarua wamesimama kwenye mwanya, vichwa vinaelekea ndani, mikia juu, wanapepea. Wanatoa harufu kutoka kwenye tezi iliyo karibu na ncha ya mkia, harufu inayofanana sana na mchaichai, kuwaita walio nje: malkia yuko humu. Ukiiona mikia hiyo, umeshinda. Lakini wakianza kutoka kwenye boksi na kurudi mtini, malkia amebaki juu. Usibishane nao, rudia.

Giza likiingia wote wamo. Kunja kitenge, funga juu, beba. Usiache boksi usiku mzima kwenye joto au ndani ya gari lililofungwa. Watakufa kwa kukosa hewa, na asubuhi utazika kilo za nyuki.

Ukiumwa

Utaumwa, tusidanganyane. Nikiwa na miaka kumi na minne nilimponda nyuki shingoni karibu na mzinga wa baba mdogo. Nikasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Sikujua kwamba ile ndiyo kengele yao: mwiba unapoingia hutoa harufu inayowaambia wengine "hapa". Walikuja hapo hasa. Siku hizi nikienda kwa nyuki sigusi ndizi asubuhi.

Kwa hiyo usimponde. Mwiba hubaki na kifuko chake na huendelea kusukuma sumu, basi uutoe upesi, kwa ukucha au kwa kisu, usipoteze muda kutafuta namna nzuri. Pulizia moshi mahali hapo ili kuizima harufu, ondoka taratibu, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi.

Wakiwa wengi, kimbia. Funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja, ingia ndani ya nyumba au gari na ufunge, hata kama wachache wataingia nawe. Usijitose bwawani, watakungoja juu. Usipigepige hewa. Mtu akivimba midomo au ulimi, akikosa pumzi, akipata vipele mwili mzima, akizimia, hata kama ameumwa na mmoja tu, ni hospitali sasa hivi. Mtoto aliyeumwa mara nyingi apelekwe hata kama anacheka.

Hatua ya 5: Waliokwisha kujenga darini

Hapa naomba unisikilize zaidi kuliko kwingine, maana hapa ndipo watu huunguza nyumba.

Usizibe tundu. Nyuki walionaswa hutafuta mwanga, na mwanga uko sebuleni kwako. Usipulize dawa ya mbu. Ukiwaua wote, masega yaliyobaki hayana wa kuyapoza: nta italainika, asali itachuruzika kwenye silingibodi, majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye masega, yataoza, kisha sisimizi, mende na nondo wa nta wataingia, na harufu itaita kundi jingine msimu ujao. Na moto, kwenye paa lenye mbao za miaka ishirini, sihitaji kueleza.

Tafuta mrinaji mwenye vifaa, au uliza ofisi ya maliasili ya wilaya akuelekeze kwa afisa nyuki. Tabora haijakosa watu wa kazi hii. Hata chuo cha ufugaji nyuki cha nchi kiko hapa mjini. Mweleze mambo matatu: tundu liko wapi, wamekaa muda gani, na kama kuna umeme karibu. Siku ya kazi majirani wote waambiwe mapema, madirisha yafungwe, watoto wapelekwe kwa bibi.

Ukiwa msaidizi wake, ujue kazi ya moshi. Moshi hufunika ile harufu ya kengele, na huwafanya nyuki wakimbilie asali wakashibe kana kwamba msitu unaungua. Nyuki aliyeshiba hakunji tumbo vizuri kuuma. Kwa hiyo moshi unaotakiwa ni mweupe na wa baridi: kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, gome lililooza, magunzi. Tairi, plastiki na mafuta ya taa huwatia wazimu, na huitia asali harufu ambayo mnunuzi haisahau.

Masega hukatwa moja moja. Yenye asali huingia ndoo yenye kifuniko. Yenye majana ni dhahabu: yafunge kwa uzi wa katani kwenye vipau vya mzinga (vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega), kwa mkao uleule yalivyokuwa, juu yawe juu. Nyuki huwafuata watoto wao. Mzinga ukishapokea, upelekwe usiku, kilomita tatu au zaidi, la sivyo kesho asubuhi vibarua watarudi kwenye dari yako kwa mazoea. (Bumba la mtini halina tatizo hilo, wanaohama huwa wamekubali kusahau nyumba ya zamani. Laiti wapangaji wangekuwa hivyo.)

Siku hiyohiyo kwangua nta yote, osha kwa sabuni, ziba tundu kwa saruji au wavu mgumu. Usiseme kesho.

Jambo dogo: ukikuta ukutani kimrija cha nta chembamba kama mrija wa soda, na vidudu vyeusi vidogo kama nzi vinaingia humo, acha. Hao ni nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni chache na nyepesi, nayo huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa. Sijawahi kuelewa mtu anayewapiga dawa.

Hatua ya 6: Wapelelezi, wape nyumba bora kuliko yako

Ile picha ya tatu ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu bado hakuna aliyehamia. Wapelelezi hupenda uwazi mkavu, wenye giza, wenye mlango mdogo, ulioinuka kutoka ardhini. Sanduku la mita ya maji, spika mbovu, pipa, dari yenye tundu moja: zote zinafaa. Ziba hizo, halafu ning'iniza mzinga mtupu karibu.

Nashauri mzinga wa sanduku wenye vipau vya juu, si wa gome. Ninasema hivi nikiwa mtoto wa mizinga ya magome: kila mmoja unaubandua mti mzima, na mti ukibanduliwa gome pande zote hufa. Tunaua mtundu, mti wa miombo unaotoa maua, ili kumpa nyuki nyumba. Kipau kiwe na upana wa milimita 32, ndiyo nafasi nyuki wa kwetu wanayoacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine; kikizidi, watajenga kwa kuchanganya na hutaweza kuinua sega hata moja. Chini ya kila kipau paka mstari wa nta iliyoyeyushwa. Ndani sugua majani ya mchaichai. Sasa unajua kwa nini.

Tundika kwa waya, si kwa kamba, mita mbili tatu juu, kivulini, mlango uwe kinyume na upepo na usielekee njia ya watu. Waya huupa mzinga nafasi ya kubembea, na nyegere hapendi kubembea. Paka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi na siafu. Iangalie kila baada ya wiki mbili, jani moja likigusa mzinga tayari ni daraja.

Hatua ya 7: Waache

Bumba ulilolikamata limimine jioni kwenye mzinga huo, funika, ondoka. Nyuki wa kwetu huhama kwa sababu ndogo, na sababu kubwa kuliko zote ni mwenye mzinga anayefungua kila siku kuonyesha wageni. Ukiweza kupata kwa mwenzako kipande cha sega chenye majana, kifunge kwenye kipau kabla ya kuwamimina. Kundi likiwa na watoto wa kulea huwa zito kuondoka.

Kwa wiki mbili usifungue. Kaa pembeni asubuhi saa mbili, tazama mlango. Wakitoka na kurudi mikono mitupu, wasubiri. Siku ukiona wanaingia na chavua miguuni, mmoja baada ya mwingine, malkia ameanza kutaga na watoto wanahitaji chakula. Kuanzia hapo ni kama wiki tatu mpaka kibarua wa kwanza aliyezaliwa mzingani mwako atoke, na muda zaidi kabla hajaanza kwenda mauani. Asali ya msimu huo waachie.